Shufwa na Witiri

Mimi ndiye niliyehesabu.
Miaka thelathini na minne, chumba cha chini cha mahakama,
bomba la mvuke likikohoa ukutani,
na theluji ya Novemba ikigonga kioo kama mdai.

Kwetu Dakota Kaskazini mambo yana utaratibu:
mwaka wa shufwa watu huchagua,
mwaka wa witiri wabunge huenda Bismarck
siku themanini, hazizidi,
kisha hurudi kupanda ngano na viazisukari
utadhani hawakuwahi kuitwa waheshimiwa.

Verlyn Aasgaard aligombea kwanza mwaka sabini na nne,
akashindwa kwa kura mia mbili na tatu.
Kesho yake alikuja, kofia mkononi,
akaomba kuona hesabu. Si kwa kupinga.
Kidole chake kilishuka kituo kwa kituo
kikakwama Hove.
"Kumi na saba," alisema.
"Na ndiko nilikooa."

Sabini na sita alishinda kwa kura kumi na moja.
Tulihesabu mara tatu.
Duane Kvistad, muuza matrekta, alisimama nyuma yangu
akitafuna kijiti hadi kikawa uzi.
Kumi na moja: timu ya kandanda, bila hata wa akiba.

Baada ya hapo ikawa kama ng'ombe kujua njia ya zizi.
Mia nne. Mia tisa.
Themanini na nne hakupingwa na mtu,
ila wale ishirini na tisa
walioandika kwa mkono jina la kocha wa shule.

Alikuwa na mswada mmoja tu moyoni.
Tangu enzi za babu zetu ghala ndilo lililopima nafaka,
na ghala lilo hilo ndilo lililolipa.
Verlyn alitaka mkaguzi aje na mawe yake ya chuma
aipime mizani yenyewe.
Mswada ukaanguka. Ukaanguka tena.
Ukafia kamatini, akauzika, akaufukua.
Kikao cha nne ukapita kwa kura moja,
na vuli ile baba yangu, kwa gari lile lile, shamba lile lile,
alilipwa ratili mia na ishirini zaidi.
Hakusema asante. Alisema, "Wezi,"
akatazama kule lilikokuwa ghala.

Kisha shule.
Watoto thelathini na mmoja, walimu tisa,
paa linalovuja juu ya vikombe vya ushindi.
Alisimama ukumbini Bismarck
akazitaja hesabu hizo polepole, bila kupepesa,
akapiga kura ya kuifunga
shule aliyosoma mwenyewe.

Tisini na sita ilimfika.
Mia sita na arobaini nyuma.
Hakuna aliyemtukana; watu wetu hawatukani,
huacha tu kukupungia mkono barabarani.
Akaja asubuhi, kofia mkononi,
kidole kikashuka.
Hove: kumi na saba.
Akacheka mpaka akakaa kitini.
"Ardis, ni wale wale?"
"Karatasi hazina majina, Verlyn."

Tulimzika Machi, ardhi ikiwa bado jiwe;
mashine ya kuchimbia ilikodiwa kaunti jirani.
Chini ya kanisa tulikula chapati za viazi zenye siagi na sukari,
na mjane wake akaniuliza, kwa sauti ya kuuliza chumvi,
kama ile sabini na sita
mimi nilikuwa mmoja wa wale kumi na mmoja.

Karani hasemi. Nilikula kiapo.
Lakini nimestaafu, na wewe humjui mtu wa huku:
nilimpa Kvistad. Alikuwa binamu.
Tisini na sita nilimpa Verlyn,
kura yangu moja, ya witiri,
ikaingia kisandukuni
miaka ishirini baadaye,
wakati haikuweza tena kumsaidia,
nami nikaihesabu kwa mkono wangu
kama nilivyozihesabu nyingine.